Je, pasheni hunyonya mti inaoupanda?

Ukipita Rungwe au Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, si ajabu kukuta pasheni imeukwea mparachichi mpaka kileleni, matunda ya zambarau yakining'inia katikati ya majani ya mwenzake. Wenye miti wengi huikata mapema, wakiamini kwamba zile nyuzi zilizojiviringisha kwenye matawi zinanyonya mti.

Hazinyonyi. Hofu yenyewe ina chanzo cha kweli, maana upo mmea wenye tabia hiyo: mlangamia. Huo ni nyuzi tupu za rangi ya manjano, hauna majani ya maana, na unapogusana na mmea mwingine hutoboa ngozi yake na kuingiza vinyonyeo hadi kwenye mishipa ya maji na chakula. Pasheni ina mizizi yake ardhini na majani mapana ya kijani, kwa hiyo hujitengenezea chakula. Fungua taratibu uzi mmoja ulioshika tawi, kisha utazame gome lililokuwa chini yake: hakuna tundu wala kidonda. Tena uzi huohuo hushika waya wa chuma kwa nguvu ileile, na waya hauna cha kunyonywa. Madhara ya pasheni kwa mparachichi ni kivuli na uzito. Ikifunika kilele, mti hukosa jua na huzaa kidogo, na hiyo ndiyo sababu halali ya kuiondoa.

Sasa, uzi usio na macho hujuaje pa kushika? Hutafuta kwa kugusa. Ncha changa ya pasheni huzunguka angani polepole, pamoja na nyuzi zake zilizonyooka, hadi mmoja ugonge kitu. Upande uliogusa hukua kidogo na wa pili hurefuka, basi uzi hupinda kukizunguka kile kitu. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha uchunguzi wake wa mimea itambaayo mwaka 1865, aliona jamii moja ya pasheni ikianza kupinda ndani ya nusu dakika hivi baada ya kuguswa. Aliona pia kwamba matone ya maji hayaushtui uzi. Kwa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hilo ni jambo kubwa: uzi unaojikunja kwa kila tone usingeshika chochote.

Uzi ukishapata mshiko, sehemu iliyobaki kati ya waya na shina nayo hujisokota kama springi. Itazame kwa karibu: nusu moja imesokotwa kuelekea kulia, nusu nyingine kushoto, na katikati pana kipande kifupi kilichonyooka ambapo mwelekeo unageuka. Ili kuelewa sababu, chukueni kamba watu wawili, kila mmoja ashike ncha yake bila kuiachia. Wa tatu apitishe kijiti katikati na kukizungusha. Kamba itasokotana pande zote mbili za kijiti, lakini kwa mielekeo inayopingana, kwa kuwa ncha hazina nafasi ya kuzunguka. Uzi wa pasheni umefungwa vivyo hivyo, ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye shina, kwa hiyo kila msokoto wa kulia lazima ulipwe na wa kushoto. Nguvu ya kusokota hutoka ndani ya uzi wenyewe: kuna ukanda wa nyuzinyuzi ambao upande wake mmoja husinyaa kuliko wa pili. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulioonyesha hilo waziwazi ulifanywa kwenye mtango, ambao nyuzi zake hujisokota kwa mtindo huohuo.

Faida ya springi huonekana upepo unapovuma, na kwa wakulima wa Makambako hilo halihitaji maelezo. Shina huyumba, uzi hunyumbuka na kurudi, na hakuna kinachokatika.

Kwa hiyo mpe pasheni kitu chembamba cha kushika. Nguzo nene haizungukiki kwa uzi mfupi. Waya uliovutwa mita 2 hivi juu ya ardhi unafaa, pamoja na kamba ya kuuongoza mche hadi hapo. Ondoa machipukizi ya chini, acha shina moja au mawili. Pasheni ya zambarau hupenda ubaridi wa nyanda za juu, ila jalidi ya Juni na Julai huunguza machipukizi. Mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, ukiwa umeshaingia shambani, tumia miche iliyobebeshwa juu ya shina la pasheni ya njano, ambalo huustahimili.

Kuhusu dawa, tahadhari. Chai ya pasheni inayouzwa Ulaya kwa ajili ya usingizi na wasiwasi hutokana na ndugu yake wa Marekani, *Passiflora incarnata*, na hata huko imekubaliwa kwa msingi wa matumizi ya muda mrefu badala ya majaribio ya kitabibu. Yetu ni *Passiflora edulis*. Majani yake na matunda mabichi yana kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi, hivyo usiyachemshe kwa kudhani ni dawa ileile.

Matunda huja kwenye matawi mapya, basi baada ya mavuno punguza yaliyokwisha kuzaa. Usiyavute: nyuzi zilizokomaa hugeuka ngumu kama mti, na ukivuta utaangusha waya pamoja na matawi mazima. Kata vipande vifupi, viache vikauke palepale, kisha vipukutishe.