Bei ya Kiwanja Ikipanda, Nani Ananufaika?

Kila unapotangazwa mradi wa barabara Dar es Salaam, watu hunijia na hoja ileile: viwanja vitapanda bei, kwa hiyo wakazi watanufaika. Mimi ni mthamini wa ardhi, na hoja hiyo imenichosha, kwa sababu inamchukua mwenye kiwanja na kumwita mtaa mzima.

Wakazi wengi wa mitaa yetu ni wapangaji. Kwao bei ikipanda huja kwa sura ya kodi mpya, na aghalabu mwenye nyumba hudai ya miezi sita kwa mkupuo.

Nikisema hivyo, hujibiwa kwamba ipo fidia kwa wanaopisha mradi. Ni kweli ipo. Kanuni za mwaka 2001 zilizo chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya ardhi na maendelezo (yaani kilichojengwa au kupandwa juu yake), posho za usumbufu, usafiri na makazi, pamoja na faida iliyopotea, ambayo hukokotolewa kwa miezi 36. Wengi wakishaiona hiyo 36 huacha kusoma, ilhali faida hiyo inatakiwa ithibitishwe kwa hesabu, tena zilizokaguliwa pale inapolazimu. Mama lishe aliyepanga kibanda karibu na kituo ana daftari la wadaiwa tu. Zaidi ya hayo, mali yake kubwa ni abiria wanaoshuka mbele ya sufuria zake, na hao hakuna safu ya jedwali langu la uthamini inayowapokea. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza katika Barabara ya Morogoro mwezi Mei 2016, daladala ziliondolewa katika njia hiyo na vituo vikawa katikati ya barabara. Mahali pa namna hiyo, kiwanja kinaweza kupanda bei huku kibanda kilicho mbele yake kikikosa wateja na kufungwa, bila hata tofali moja kubomolewa, na kwa kuwa hakuna kilichobomolewa, mthamini hakuitwa.



Hata hiyo bei inayopanda siiamini kikamilifu. Tunalinganisha mauziano ya jirani, lakini wauzaji wengi huandikisha bei pungufu kukwepa kodi, na bei huanza kupanda tangu siku ya tetesi, miaka kabla ya lami. Kiasi gani kimeletwa na barabara na kiasi gani na matumaini, sijaona mbinu inayotenganisha kwa uhakika. Linalowezekana leo ni jepesi zaidi: kabla mradi haujaanza, wapangaji na vibanda viorodheshwe pamoja na nyumba, daftari la mama lishe na miamala ya simu yake vikubaliwe kuwa ushahidi wa mapato, na kuhamishwa kwa kituo kuhesabiwe kuwa hasara sawa na kubomolewa ukuta.