Je, wajua kwa nini wadakaji wengi wa besiboli huishia kuwa makocha?

Bruce Bochy hakuwa nyota. Kati ya 1978 na 1987 alichezea Houston Astros, New York Mets na San Diego Padres, na katika misimu 9 alicheza mechi 358 tu, wakati msimu mmoja wa ligi kuu ya Marekani una mechi 162 kwa kila timu. Kwenye kupiga mpira ndiyo usiseme: wastani wake wa .239 maana yake hakufikisha hata pigo moja safi katika kila majaribio manne. Mtu huyohuyo, alipogeuka kocha mkuu, ambaye Wamarekani humwita meneja, alibeba ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, mara 4: mwaka 2010, 2012 na 2014 akiwa na San Francisco Giants, kisha 2023 akiwa na Texas Rangers, ambao kabla ya hapo hawakuwahi kuutwaa. Na hao Rangers ndio aliowafunga katika fainali ya 2010!

Imekuwaje? Tazama nafasi aliyocheza. Bochy alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinga usoni, kifuani na miguuni. Timu inayozuia huwa na watu 9 uwanjani, na wanane kati yao wanaelekea kwa mpigaji. Mdakaji peke yake ndiye anayewatazama wenzake, kama golikipa anavyowaona mabeki wake wote.

Tena hatazami tu. Kabla ya kila mpira, yeye na mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, wanapaswa kukubaliana: uwe wa kasi au wa kupinda, uende ndani au nje? Kwa miongo mingi mdakaji alitoa ishara kwa vidole, mkono ukiwa umefichwa katikati ya mapaja ili wapinzani wasione. Tangu 2022 ligi inaruhusu kifaa cha kielektroniki: anabonyeza kitufe, na mrushaji anasikia maelekezo ndani ya kofia yake. Kwa hiyo ni lazima mdakaji akariri udhaifu wa kila mpigaji wa upande wa pili. Mrushaji akianza kuchanganyikiwa, mdakaji ndiye anayemfuata, akaziba mdomo kwa glavu asisomwe midomo, na kumtuliza. Warushaji wengi wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, hivyo Kihispania nacho humfaa sana.

Ndiyo maana orodha ni ndefu. Connie Mack, mdakaji wa zamani, aliiongoza Philadelphia Athletics kuanzia 1901 hadi 1950, akikaa benchi na suti na tai. Mike Scioscia aliipa Angels ubingwa wa 2002. Katika fainali ya 1998 Bochy, akiwa na Padres, alikutana na Joe Torre wa Yankees, aliyewahi kudaka pia, na Bochy akachapwa mechi 4-0.

Lakini mimi naona benchi lilimfundisha Bochy kuliko ile kinga ya uso. Torre alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1971; Bochy alikuwa mdakaji wa akiba. Mdakaji wa akiba hushinda siku nzima pembeni akisikiliza makocha, akiwapasha warushaji joto na kusoma mchezo asioucheza. Hana kipaji cha kumbeba, kwa hiyo huishi kwa kujua. Alipostaafu, Bochy alianzia ligi ndogo, kwenye timu ya vijana ya Spokane mwaka 1989, na miaka sita baadaye akakabidhiwa Padres.

Si sheria, lakini. Dave Roberts wa Dodgers, bingwa wa 2020, 2024 na 2025, alicheza pembezoni kabisa mwa uwanja. Hata hivyo klabu bado zinawasaka wadakaji. Stephen Vogt alistaafu Oktoba 2022, akapewa Cleveland Guardians msimu wa 2024, na mwaka huohuo akachaguliwa meneja bora wa ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Mwaka 2025 akachaguliwa tena.