Nguruwe mwitu shambani: huku Pwani tunalinda, hatuwindi

Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya Kwale, mashamba yanayopakana na msitu wa Shimba Hills utayajua kwa madungu yake, yaani vibanda vya kulindia mazao vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Kule Texas, nguruwe waliotoroka mifugoni huwindwa kwa bunduki, na vijiji hujivunia uwindaji huo. Kwetu nguruwe mwitu ni mnyama wa asili, uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Wadigo wengi ni Waislamu, nyama hiyo hawaitaki. Mkulima huku hupimwa kwa kukesha.

Kwanza mjue mwizi wako. Muhogo uling'olewa usiku, udongo umefumuliwa, mashina yamelala chini: huyo ni nguruwe mwitu, na mara nyingi hakuja peke yake. Mizizi imegugunwa na shina bado limesimama, penye alama za meno mapana: nungunungu. Mahindi yamevunjwa mchana na magunzi kutupwa ovyo: nyani. Ngiri naye hula mchana, amepiga magoti ya mbele. Wengi humlaumu nguruwe kwa kazi ya nungunungu, kisha wanagharamia ua usiomzuia yeyote.

Dungu ni nguzo nne, sakafu mita 2 hadi 3 juu, paa la makuti. Lisimame karibu na ujia wanaoupitia nguruwe, si katikati ya shamba. Huko ukisikia bua likivunjika, mstari mzima umeshaliwa. Anzeni zamu kabla mahindi hayajatia maziwa, maana kundi likishaonja hurudi. Debe lile lile kila usiku huzoeleka, kwa hiyo changanyeni: debe, tochi, mbwa, kelele.

Ua? Nguruwe hasumbuki kuruka, husukuma na kuchimba. Wavu usiofukiwa angalau sentimita 30 ni pesa iliyotupwa. Na ukiziba kwako peke yako, umempeleka kwa jirani. Ndiyo maana madungu hupangwa yasikilizane: wa kwanza akipiga ukelele, wa pili aitikie. Asiyeitikia ataulizwa asubuhi, na jibu la usingizi halipokelewi.

Tanzi la waya liacheni. Ni kosa kisheria, na hunasa paa, mbuzi na mbwa wenu wenyewe. Nguruwe aliyejeruhiwa msimfuate kichakani, meno yake hupasua paja. Pigeni simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.