Kibarua na Kiwanja cha Maskini

Wiki iliyopita nilipita lango la Kilindini, bandari ya Mombasa, alfajiri. Vijana kama ishirini walikuwa wameegemea ukuta, vikombe vya kahawa mkononi, wakingoja kuitwa. Nimefundisha historia ya kazi miaka mingi, na bado kila nikiwaona husimama, kwa sababu jina wanaloitwa, vibarua, ni kongwe kuliko gati lolote la bandari ile.

Kibarua ni barua ndogo. Zama za utumwa, bwana alimkodisha mtumwa wake kwa siku. Mtumwa akaenda kazini na karatasi yake, na jioni bwana akakata fungu lake katika ujira. Sheria ilipofuta utumwa hapa pwani mwaka 1907, neno halikufa. Lilihamia kwa mtu huru anayelipwa kwa siku, akibeba magunia Kilindini.

Ni jina la kudunisha, sikatai. Lakini tazama lilivyofanya kazi. Mfanyakazi wa mkataba akitoroka, sheria ya kikoloni ya mabwana na watumishi ilimhesabu mhalifu, akafungwa. Kibarua hakuwa na mkataba wa kuvunja. Jioni amelipwa, kesho hana deni na mtu. Akikaa nyumbani mtaani Majengo, au akienda kulima muhogo wake ng'ambo, hana kosa. Maelfu wakikaa nyumbani siku moja, meli hazishushwi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1934, na tena mwaka 1939. Udhaifu wao ndio uliokuwa panga lao, na serikali ililijua hilo vizuri: ndiyo maana mwaka 1944 ilianza kuwaandikisha.

Katikati alikaa serangi, mkuu wa gengi. Kampuni ilimtegemea alete watu, na watu walimtegemea awachague. Mtu wa namna hii utawala humpa cheo ukidhani umemnunua, na huku anaishi mtaa mmoja na wale anaowasimamia.

Kisha kuna kipande, kitambulisho cha enzi ya ukoloni. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukibeba, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kiliandika kabila lake, alama za vidole vyake na mwajiri wake. Dola ilitaka kumwona mtu hivyo, kabila kwanza.

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Walikutana kiwanjani Majengo, siku baada ya siku, na mahali pale wakapaita Kiwanja cha Maskini. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Hawakujiita kwa makabila yaliyoandikwa kwenye vipande. Walichukua neno ambalo mwenye nacho humtupia asiye nacho, wakalisimamia. Chama chao kikawa cha wafanyakazi Waafrika wote, si cha makuli peke yao. Mgomo ulikwisha baada ya siku kumi na moja hivi, Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi. Chege Kibachia, kiongozi wao, alikamatwa mwezi Agosti na kupelekwa uhamishoni Kabarnet.

Jibu la serikali lilikuwa la akili zaidi ya kukamata. Baraza la usuluhishi la jaji Thacker liliongeza mishahara, lakini kwa kutofautisha: aliyetumikia muda mrefu huku, kibarua kule. Miaka ya 1950 waajiri wakajenga orodha ya makuli wa kudumu. Walioingia humo walipata nguvu mpya. Mwaka 1955 waligoma, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akashiriki katika mazungumzo, wakapata nyongeza ya asilimia 33. Aliyebaki nje ya orodha alibaki kibarua.

Asubuhi ile langoni waliitwa saba. Waliobaki niliwauliza kama wanajuana. Walicheka, wakaonyeshana: huyu wa mtaa wa Bangladesh, yule wa Likoni, wale wawili wa Changamwe. Jina la wote kwa pamoja, walilojipa wenyewe, hakuna aliyelitaja.