Piyuti: Shairi Ndani ya Sala ya Kiyahudi

Piyuti ni shairi la dini, kwa kawaida la Kiebrania, lililotungwa ili lisomwe au liimbwe ndani ya ibada ya sinagogi. Jina lake lina asili ya Kigiriki, katika neno lenye maana ya mtunzi wa mashairi, kwa kuwa sanaa hii ilichanua Palestina enzi za utawala wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki iliyotumia Kigiriki.

Piyuti si sala ya faradhi. Myahudi mshika dini husali mara tatu kwa siku: Shaharit asubuhi, Minha alasiri na Arvit jioni. Kiini cha kila sala ni Amida, yaani kusimama, ambayo huitwa pia "Kumi na Nane" kwa idadi ya baraka zake, ingawa zinazosomwa siku za kawaida ni 19. Baraka iliongezwa, jina likabaki. Maneno ya Amida ni ya lazima, ilhali piyuti ni nyongeza ambayo mara nyingi hupachikwa pale kiongozi wa sala anapoirudia kwa sauti baada ya waumini kuisoma kwa kunong'ona. Ndiyo maana sala za kila siku zina piyuti chache, na zile za Siku ya Upatanisho zimesheheni.

Ufundi wake hautakuwa mgeni kwa mpenzi wa tenzi. Yannai, aliyetunga yapata karne ya 6, ndiye wa kwanza anayejulikana kutumia vina kwa utaratibu maalumu na kuficha jina lake katika herufi za mwanzo za mishororo. Katika karne ya 10, Dunash ben Labrat aliingiza mizani ya Kiarabu katika Kiebrania. Shlomo Alkabetz wa Safed, mji wa Galilaya, naye, katika karne ya 16, alitunga Lekha Dodi, wimbo wa kuilaki Sabato kama bibi harusi kila Ijumaa jioni; herufi za mwanzo za beti zake nane za kwanza hutamka "Shlomo Halevi", na ubeti wa mwisho unapofika, waumini hugeuka kuelekea mlangoni.

Wapo waliozipinga piyuti, kwa hoja nzito kwa kweli, kwamba zinaikatiza sala na kuwachosha watu. Mmoja wao alikuwa Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri. Hata hivyo, misingi yake 13 ya imani iligeuzwa baadaye kuwa shairi, Yigdal, ambalo vitabu vingi vya sala vimeliweka mwanzoni mwa Shaharit.