Dereva wa Masafa Marefu Akizima Injini, Afanye Nini?

Dereva wa lori la masafa marefu ana muda wa aina mbili akiwa nje ya usukani. Kuna mapumziko rasmi: nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humtaka apumzike dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha. Halafu kuna kusubiri: foleni ya mpakani, zamu ya kushusha mzigo, makaratasi ambayo hayajagongwa muhuri. Huko unaweza kukaa nusu siku, au ukaitwa sasa hivi.

Kwa hiyo cha kujipumbazia kwenye foleni kiwe kinachokubali kukatizwa. Wengi hukimbilia simu, na hatusemi waitupe. Shida yake ni kwamba inamwacha dereva vilevile alivyokuwa barabarani, kakaa, kakodoa macho, na sasa shingo nayo imeinama. Kufuma kwa sindano ya ndoano kunafaa zaidi, hata kama wenzako watacheka siku ya kwanza. Foleni ikisogea, unavuta kitanzi cha mwisho kiwe kirefu ili kisifumuke, unatia kazi yote mfukoni, unawasha gari. Drafti ya sumaku nayo haimwagiki ubao ukiinama. Harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, inaenea kiganjani, ila jirani yako huenda amelala.

Mapumziko marefu ni ya mwili kwanza. Utafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, uliofanywa mwaka 2010 kwa madereva wa masafa marefu, ulikuta asilimia 69 wana unene uliopitiliza, na zaidi kidogo ya nusu wanavuta sigara. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na hayo hayahitaji ukumbi. Lori na tela lake, jumla mita 16.5, ukilizunguka mara 24 umekaribia kilomita moja. Mzunguko wa kwanza tazama matairi, taa na kamba za turubai. Inayobaki ni yako. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga, na usiruke kamba katikati ya magari mawili, kwa sababu anayerudi nyuma hakuoni.

Usingizi ukibisha hodi, hobi zote zikae pembeni. Lala dakika 15 hadi 20, kisha ukiamka usikimbilie usukani. Ubongo unahitaji muda kidogo kuchangamka. Hatari ya kusinzia hupanda zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, halafu tena alasiri, na redio ya sauti kubwa haiiondoi.

Vitabu vya kusikiliza na masomo ya lugha vinafaa kwenye barabara iliyonyooka, kupitia spika za gari badala ya visikizi vinavyoziba masikio. Ukiingia mjini au kwenye mteremko mkali, zima. Na kwa mwenye mtoto nyumbani, chesi ya kutumiana kwa simu inafaa sana: hatua moja kila kituo, mtoto anajibu akitoka shule, na mchezo mmoja unaweza kudumu safari nzima. Hatua yenyewe itumwe gari likiwa limeegeshwa.