Je, wajua kwa nini kompyuta ya gemu huanza kuchaguliwa kwenye monita?

Kijana wa Ngamiani anapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, anazunguka Kariakoo mpaka miguu inawaka, na usiku anashuka Tanga na boksi la kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za gemu, kifuani. Kadi ni mpya na ni kali. Anaifunga, anafungua gemu, na picha inasuasua vilevile. Lawama zinamwendea muuzaji, ilhali kadi ni nzima. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia. Monita, yaani kioo cha kompyuta, ndiyo inayopanga kazi ya kadi na ya prosesa, ubongo wa mashine, na hapa kadi imenunuliwa kabla haijajulikana itatumwa kazi gani.

Monita ina namba mbili zinazoamua karibu kila kitu. Ya kwanza ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha: 1080p ina pikseli milioni 2.07, 1440p ina milioni 3.69, na 4K ina milioni 8.29, mara nne ya 1080p. Ya pili ni Hz, yaani kioo hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Cha Hz 60 hubadilisha kila baada ya milisekunde 16.7, cha Hz 144 kila milisekunde 6.9, na cha Hz 240 kila milisekunde 4.2. Kadi ikichora fremu, yaani picha mojamoja, 140 kwa sekunde mbele ya kioo cha Hz 60, fremu nyingi hazitaonekana nzima. Kioo huanza kuonyesha fremu moja na kumalizia nyingine. Ukigeuka ghafla kwenye gemu ya risasi, unaona ukuta umekatika katikati, nusu ya juu imepishana na nusu ya chini.

Kuna jambo ambalo huwa halisemwi dukani, na ndilo lenye thamani kuliko yote: kadi hulipia pikseli, prosesa hulipia fremu. Kioo cha 1080p kwa Hz 144 kinaidai kadi pikseli milioni 299 kila sekunde. Cha 4K kwa Hz 60 kinaidai milioni 498. Kwa kadi, mzigo wa pili ni mzito zaidi. Kwa prosesa ni kinyume chake. Yenyewe haijali kioo ni kikubwa kiasi gani. Kazi yake ni kukokotoa adui amesimama wapi na risasi imegonga nini, kisha kuikabidhi kadi maelekezo ya kuchora. Kwenye 4K inaandaa fremu 60, kwenye ile 1080p inaandaa 144. Kwa hiyo anayecheza gemu za risasi zenye kasi kwenye 1080p na Hz 240 aweke fedha nyingi kwenye prosesa. Anayecheza gemu za hadithi zenye mandhari nzito kwenye 1440p au 4K aziweke kwenye kadi.

Kama tayari una mashine na hujui kipi kinaichelewesha, jaribio ni la dakika mbili. Fungua gemu, simama mahali pamoja, soma idadi ya fremu kwa sekunde. Shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli, kutoka 1080p hadi 720p, kisha soma tena. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa imefika mwisho wake, na kadi mpya haitakuongezea kitu.

Kwa ukubwa wa kioo, 1080p inakaa vizuri kwenye inchi 24. Ukiitandaza kwenye inchi 27 unabaki na pikseli kama 82 kwa inchi, na herufi zinaonekana na kingo za msumeno. Inchi 27 inataka 1440p, ambayo inatoa pikseli 109 kwa inchi. Aina ya kioo, VA au IPS, nayo ina maana: VA ina weusi mzito unaopendeza, lakini vingi vya bei nafuu huacha kivuli nyuma ya vitu vyeusi vinavyokimbia, IPS weusi wake umepauka kidogo, ila mwendo wake ni safi na rangi hazibadiliki ukiangalia kwa pembeni. Kwa gemu, tunashauri IPS. Hakikisha pia ina FreeSync au G-Sync, kwa sababu hapo kioo husubiri kadi imalize fremu badala ya kubadilisha picha kwa saa yake, na ule ukuta uliokatika unatoweka.

Ukishaijua monita, sehemu nyingine zinajipanga. Kwa 1080p na Hz 144, kadi yenye kumbukumbu ya GB 8 kama RTX 4060 au RX 7600 pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600 au 7600 inatosha kwa gemu nyingi. Kwa 1440p tafuta kadi ya GB 12 au zaidi. RX 7800 XT ina 16. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu haipungui kasi kidogokidogo, inakwamakwama. Chunga ndoa ya prosesa na mazabodi, ile bodi kuu ya mashine: Ryzen 5 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4 na RAM (kumbukumbu ya mashine) ya DDR4, Ryzen 5 7600 kwenye AM5 na DDR5. Pengo la DDR4 na la DDR5 hayako sehemu moja, kwa hiyo RAM ikikataa kuingia usiilazimishe. Diski iwe SSD ya NVMe ya TB 1, basi.

Umeme unahitaji hesabu. RTX 4060 inakula wati 115, Ryzen 5 7600 hufika kama wati 88, na feni, diski na mazabodi tuziwekee 60. Jumla 263. Pawa saplai (kifaa kinachoilisha mashine umeme) ya wati 550 ya kampuni inayoaminika inabeba mzigo huo bila kutoka jasho. RX 7800 XT peke yake ni wati 263, ndiyo maana AMD wanashauri pawa saplai ya wati 700. Zipo pawa saplai zenye swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Tanzania tunatumia volti 230. Ikisahaulika kwenye 115, ukichomeka tu inapasuka.

UPS, betri inayoshika mashine umeme unapokatika, nayo isinunuliwe kwa kusoma VA peke yake (hapa VA ni kipimo cha umeme, si ile aina ya kioo). Ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390, inayotosha mashine ile ya kwanza yenye RTX 4060 na monita ya wati 35, lakini ya pili yenye RX 7800 XT itaizidi nguvu na kuifanya izime palepale umeme unapokatika. Mashine ya pili ipewe VA 1000 yenye wati 600. Kubadili kutoka umeme wa ukutani kwenda betri huichukua UPS milisekunde 4 hadi 10. Pawa saplai nzuri hujishikilia kama milisekunde 16, za ovyo hushindwa, na ndiyo sababu mashine mbili kwenye UPS za aina moja, moja inazima na nyingine inaendelea.

Halafu kuna bahari. Upepo unaopuliza Raskazone na Chumbageni hapa Tanga unabeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani. Ikitua kwenye saketi pamoja na vumbi, inakuwa utando mwembamba wenye unyevunyevu unaopitisha umeme na kuila shaba. Fungua kesi, yaani boksi la mashine, iliyokaa mwaka mzima chini ya dirisha la upande wa bahari, utaona unga wa kijani kwenye shaba na kutu kwenye vichwa vya skrubu. Kesi iwekwe ukuta wa ndani, mbali na dirisha, wala isikae sakafuni. Feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, mathalani mbili mbele na moja nyuma, zote za mbele ziwe na chujio. Hivyo hewa inatoka kupitia mianya badala ya vumbi kuingia kwayo. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili au tatu na likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine isikae imefunikwa miezi bila kuwashwa: joto lake lenyewe ndilo linaloikausha.

Joto la kaskazi nalo lihesabiwe. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 32, prosesa na kadi nazo hupanda karibu nyuzi hizohizo 8. Kesi yenye uso wa kioo mbele ni nzuri kwa kupiga picha. Kwa Tanga chukua yenye wavu.

Vifaa vikishuka kwenye basi lenye kiyoyozi, maboksi yasifunguliwe hapohapo. Hewa yetu ya unyevu ikigusa chuma cha baridi hutoa jasho, kama glasi ya maji ya barafu. Viache vimefungwa saa mbili au tatu.

Wakati wa kufunga, RAM mbili ziingie nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uwashe EXPO au XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS, menyu inayofunguliwa kabla ya Windows. Bila hivyo RAM ya kasi ya 6000 inaweza kutembea kwa 4800. Bandua plastiki chini ya kipoozi cha prosesa. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, chini, na si kwenye mazabodi, juu; ukiuchomeka juu, kadi inakaa bure, au mashine haitoi picha kabisa. Tumia waya wa DisplayPort uliokuja na monita, kwa sababu HDMI ya zamani ya 1.4 haifikishi 1440p kwenye Hz 144.

Mwisho, Windows mara nyingi huiacha monita mpya kwenye Hz 60 mpaka uibadilishe mwenyewe. Nenda kwenye mipangilio, mfumo, onyesho, onyesho la kina, uchague 144. Kisha zungusha kishale cha mausi haraka kwenye kioo. Kwenye 60 kinaruka na kuacha nafasi kubwa kati ya nakala zake. Kwenye 144 nakala zinakaribiana, na jicho linakifuata bila kukipoteza.